Ukiona kijani ujue umeshachelewa

Mwezi wa tatu mwaka 2021 niliingia kwenye chumba changu cha giza asubuhi na tochi ya simu nikakuta mifuko yangu ya uyoga 74 kati ya 120 imeota kijani. Yaani kijani kile cha unga wa mlonge, kimelala ndani ya nailoni kwa mabaka makubwa, mengine upana wa kiganja, na chumba kizima kinanuka kama kitambaa cha kudekia kilichosahaulika kwenye ndoo. Nilikaa chini palepale sakafuni. Hapo kulikuwa na hela ya mbegu, hela ya kuni, hela ya guta lililoleta majani ya mpunga kutoka Chekereni, na sehemu ya hiyo hela ilikuwa ya kikoba, sio yangu.

Ila kinachoniuma mpaka leo sio kile kijani. Siku tano kabla nilipita mfuko kwa mfuko nikafurahi, maana ile mifuko ilikuwa imekuwa myeupe mapema kuliko mizunguko yote ya nyuma, nikamwambia mume wangu safari hii mbegu ni kali kweli, angalia zinavyokimbia. Kumbe weupe niliokuwa naufurahia haukuwa wa uyoga wangu. Ulikuwa ndo huohuo ukungu wa kijani ambao bado haujavaa rangi yake.

Kwa ambaye hajawahi kulima uyoga nieleze kidogo. Mimi nalima mamama, ule uyoga unaotoka kama masikio mashadamashada, niko Moshi na banda langu ni la mabanzi na nyuma nina chumba kimoja cha tofali ndo hicho cha giza. Unachukua majani makavu, ya mpunga au ya mgomba au mabua ya mahindi au maranda ya mbao, unaloweka, unachemsha kwa mvuke ili kuua vijidudu, yakipoa unachanganya na mbegu ambazo ni punje za mtama au ngano zilizooteshwa utando wa uyoga, unafunga kwenye mifuko, unaweka gizani wiki tatu mpaka nne mpaka utando mweupe ujae mfuko wote, halafu unahamishia kwenye banda lenye hewa na unyevu ndo uyoga unachomoza. Hayo majani yaliyoandaliwa wataalamu wanayaita vimeng'enywa, na mimi ntayaita hivyohivyo.

Sasa shida kubwa ni hii: uyoga wenyewe ni kuvu, na ugonjwa wake mkubwa nao ni kuvu. Wote wanataka chakula kilekile, joto linalokaribiana, unyevu uleule. Ule wa kijani unaitwa trikoderma, anaishi kwenye udongo kila mahali, kwenye majani yaliyooza, kwenye mbao mbichi, na wakulima wa mbogamboga wanamtumia kama rafiki maana anakula kuvu wengine wanaoozesha mizizi. Sasa fikiria, kiumbe ambaye kazi yake ni kula kuvu wenzake unamkaribisha kwenye chumba kilichojaa kuvu. Hata nchi zenye mashine za kila aina alizitoa jasho, Ireland alivamia mashamba ya uyoga kwenye miaka ya 1980 katikati, miaka ya 1990 akapiga Marekani na Kanada. Kwa hiyo wewe mwenye banda la mabanzi usijione mzembe, ila usijione salama pia.

Aliyenifundisha kuona ni mama mmoja wa Machame ambaye amelima uyoga miaka mingi kuliko mimi. Nilimpigia nikilia, akaniambia beba mifuko mitatu, mmoja mzima, mmoja wenye kijani na mmoja ambao una wasiwasi nao, ifunge kila mmoja kwenye mfuko wake wa nailoni uje nayo. Nilipofika nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, hakuniuliza hata pole ya safari, akasema toa hiyo mifuko nje kwenye mwanga, gizani na tochi utaona nini.

Akaweka ule mzima na ule wa wasiwasi pembeni kwa pembeni kwenye benchi la jua la asubuhi. "Angalia mwanangu. Huu una nyuzi. Huu ni unga."

Nikaangalia mpaka nikaona. Utando wa mamama ukiutazama karibu kabisa, pua kwenye nailoni, unaona nyuzinyuzi zinatoka kwenye punje ya mbegu zinasambaa kama mizizi midogo au kama feni iliyofunguka, na pale mbele unapoishia unaona mstari wake, unaona kabisa kwamba leo umefika hapa na jana ulikuwa pale. Weupe wake ni wa pamba, unang'aa. Ule mwingine hauna nyuzi za kuonekana, umelala bapa kama mtu kamwaga unga wa sembe, weupe wake una umanjano kwa mbali, na mara nyingi ni duara, baka moja hapa na lingine kule bila kujali mbegu iko wapi. Halafu unakimbia. Mamama akitembea sentimita moja kwa siku kashinda, huyu ukilala ukiamka baka limeongezeka mara mbili. Siku ya tatu ya nne ndo anaanza kutoa mbegu zake, na hizo mbegu ndo kijani. Ndo maana nasema ukiona kijani umeshachelewa, maana hapo ameshazaa, na ukiugusa huo mfuko unapuliza mamilioni ya mbegu zake kwenye mifuko mingine.

Kingine alichonionyesha ni ule mstari. Mamama akikutana na trikoderma wanapigana, na pale wanapokutana unaona mstari wa kahawia au njano, na wakati mwingine vimaji vya njano vinajikusanya ndani ya nailoni. Ukiona mstari jua vita ipo. Kuna mamama wanashinda, hasa kama mbegu zilikuwa nyingi na mfuko ulishajaa kabla adui hajafika. Vimaji vya njano peke yake bila baka visikutishe sana, utando unaweza kuvitoa hata kwa joto au kwa kuzeeka, ila uweke alama huo mfuko uuangalie kesho.

Nikarudi nyumbani na swali moja tu, kaingilia wapi. Na hapa naomba usome taratibu maana hili ndo lililoniokoa kuliko dawa yoyote: mahali kijani kilipoanzia panakuambia kosa lako. Kikianzia mdomoni mwa mfuko au kwenye vile vitundu vinavyotobolewa kwenye mfuko, basi kimeingia na hewa au mikono au vinzi baada ya kufunga. Kikianzia chini kwenye kona, kuna maji yametuama, hukukamua vizuri. Kikianza kuzunguka punje za mbegu zenyewe, punje kwa punje, mbegu ilikuja nacho. Na kikitokea katikati, mabaka mengi kwa mpigo mbali na mbegu na mbali na vitundu, basi vimeng'enywa vyako havikuiva, ukungu ulikuwa humohumo kwenye majani ukasubiri tu upate unyevu.

Mimi kabla ya kuangalia nilishamlaumu muuza mbegu. Nilimpigia nikamwambia maneno makali ambayo hakustahili. Baadaye nikapima mbegu zake, nilikuwa nimebakiza chupa mbili za kundi lilelile, nikachukua kipande cha boksi la kaki nikakimwagia maji ya moto, kikapoa, nikakamua, nikakiweka kwenye kopo la kioo nililolichemsha, nikadondoshea punje kama kumi nikafunika. Siku ya tano punje zote zilikuwa na nyuzi nyeupe zinatambaa kwenye boksi, safi, hakuna rangi nyingine. Hicho kipimo hakina gharama na sasa nakifanya kila ninaponunua mbegu, wiki moja kabla ya kuchemsha. Nikampigia tena yule kaka nikamwomba radhi, akasema dada yangu yameisha, ila hebu nenda kapime pipa lako.

Pipa langu ni lile la lita 200, chini nimepanga tofali na wavu, maji yanafika chini ya wavu, mifuko juu, nafunika kwa nailoni nzito na gunia nafunga kwa kamba ya mpira. Nilikuwa nashindilia mifuko 40 ya kilo mbili mbili, na nikiona mvuke unatoka nahesabu saa mbili nazima moto, kuni ni ghali jamani. Nikaazima kipimajoto cha jikoni chenye sindano ndefu, nikachemsha kama kawaida yangu, saa mbili zilipoisha nikafunua. Mfuko wa juu nikachoma sindano, nyuzi 93. Nikatoa ya juu nikafika katikati ya pipa, nikachagua mfuko uliobanwa na wenzake pande zote, nikachoma mpaka katikati yake, namba ikapanda ikasimama 51. Nikadhani kipimajoto kibovu. Nikachoma mwingine, 54. Hapa Moshi maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo ile 93 ya juu ilikuwa inanidanganya kwamba pipa zima limeiva, kumbe katikati nilikuwa nawapasha moto tu, yaani nawaandalia ukungu kitanda cha uvuguvugu.

Siku hizi naweka mifuko 26 kwenye pipa, nimeipanga kwa kuachia njia za mvuke, na saa siihesabu mvuke ukianza kutoka, naihesabu katikati ikifika nyuzi 80, hapo naishikilia saa tatu kamili. Kuni zimeongezeka ndio. Lakini kuni za pipa moja zaidi ni ndogo ukilinganisha na mifuko 74.

Watu wananiuliza kwa nini usichemshe zaidi, mpaka kila kitu kife kabisa. Ukiwa na mashine ya presha inayofika nyuzi 121 na chumba safi cha kupandia kama cha maabara, sawa. Ila kwa sisi wa pipa tunaopanda kwenye meza iliyofunikwa nailoni, vimeng'enywa vilivyokufa kila kitu ni kama shamba lililofyekwa halina mwenyewe, wa kwanza kutua ndo anamiliki, na ukungu wa hewani unatua haraka kuliko mbegu zako. Kwa mvuke wa kawaida wanabaki vijidudu fulani vya kuvumilia joto ambao hawamdhuru mamama ila wanashikilia nafasi ukungu usiingie kirahisi. Kwa hiyo lengo letu ni kuua wabaya wengi tuwezavyo halafu kumwahisha mamama ajaze mfuko kabla mwingine hajafika. Hii ni mbio. Ndo maana mbegu sibanii tena, zamani kwa mfuko wa kilo mbili nilikuwa naweka gramu 50, sasa naweka gramu 100, na mfuko unajaa mapema karibu wiki nzima.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia nikakigundua kwa kuangalia: kupoza. Nilikuwa naitoa mifuko ya moto nairundika chini ya mwembe ipigwe upepo ipoe haraka. Mfuko wa moto ukipoa unavuta hewa ndani, na ile hewa ya chini ya mwembe ina vumbi na majani yaliyooza na mabaki ya mifuko ya zamani niliyotupa hatua kumi kutoka hapo. Yaani nilikuwa namaliza kuwaua halafu nawaalika upya. Sasa inapoa ndani ya pipa lenyewe usiku kucha likiwa limefunikwa, asubuhi naihamishia chumba nilichodeki na jiki, madirisha yamefungwa, hakuna feni, nimeoga, nimevaa nguo zilizofuliwa, mikono nimepaka spiriti, na sizungumzi wakati napanda, nimevaa barakoa.

Pumba nayo. Kuna mtu alinishauri weka pumba za mahindi au za mpunga nyingi upate mavuno, nikawa naweka ndoo nzima, karibu asilimia 20. Pumba ni chakula kitamu kwa mamama lakini ukungu unaipenda zaidi, halafu mfuko wenye pumba nyingi unajichemsha wenyewe ndani, nje ya mfuko nyuzi 26 na katikati unakuta 32 na zaidi, na joto hilo linamchosha mamama wakati trikoderma ndo kwanza anachangamka. Miezi ya joto, Januari mpaka Machi, sasa siweki kabisa au naweka asilimia 5 basi. Na mifuko gizani siibananishi, naacha kiganja kimoja kati ya mfuko na mfuko.

Chokaa natumia. Trikoderma anapenda uchachu, mamama anavumilia hali ya chokaa vizuri kuliko yeye, kwa hiyo kwenye maji ya kuloweka naweka chokaa kama kilo moja kwa kila kilo 50 za majani makavu, vaa glavu maana inachubua. Halafu kamua. Kipimo cha mkono ni kilekile cha siku zote, chukua gao moja kamua kwa nguvu zako zote, yakitoka matone mawili matatu sawa, ukiona yanachuruzika rudisha kwenye mteremko yachuje. Usipokamua ndo zile kona za chini zinakuwa kijani.

Sasa rangi nyingine, maana sio kijani tu.

Rangi ya chungwa ya kung'aa, laini kama poda, inayotokea mdomoni mwa mfuko au kwenye kifuniko cha pamba cha chupa ya mbegu, huyo ni nyurospora, ukungu wa mkate. Huyo ukimwona usisubiri hata saa moja. Anakimbia kuliko wote, leo yuko kwenye mfuko mmoja kesho kutwa yuko kwenye kumi, na unga wake ni mwepesi mpaka mlango ukifunguliwa tu unapaa. Yule mama wa Machame anamwita moto. Lowesha kitambaa na jiki uufunike mdomo wa mfuko palepale ulipo kabla hujaunyanyua, halafu toa.

Rangi nyeusi au njano ya kijani kibichi kwenye punje za mbegu, hao ni kina aspajilasi, na kuna wa ukoo huo ndo wanaotengeneza sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Chupa ya mbegu yenye rangi hiyo siifungui kabisa, naichemsha ikiwa imefungwa natupa. Usichague punje nzuri ukaacha mbaya, hakuna punje nzuri humo.

Kuna wakati vinaota viuyoga vyembamba vya kijivu vyenye kofia ndogo, asubuhi vimesimama vizuri jioni vimeyeyuka kuwa wino mweusi. Hao sio ugonjwa haswa, ni wageni, wanapenda nitrojeni nyingi, ukiwaona jua umeweka pumba au samadi kupita kiasi au vimeng'enywa havikuiva. Wanakula chakula chako ila hawaui mfuko.

Na madoa ya njano kahawia yenye utelezi juu ya kofia za uyoga wenyewe, wengi wanasema ukungu, hapana, yale ni ya bakteria, yanatokana na kofia kukaa na maji. Unamwagilia jioni, hewa haitembei, uyoga unalala umelowa, asubuhi una madoa. Mwagilia asubuhi, na mwagilia sakafu na kuta zaidi ya uyoga, achia hewa. Dawa ya kuvu hapo haisaidii kitu.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yeye yuko Limuru kule Kenya analima uyoga wa kizungu ule mweupe wa vifungo, na magonjwa yake ni tofauti kidogo kwa sababu ule wanaufunika na udongo juu ya mboji. Udongo ndo mlango. Yeye anahangaika na ugonjwa ambao uyoga unatoka kama donge lisilo na umbo, halina shina wala kofia, na donge likikua linatoa matone ya rangi ya asali yananuka vibaya. Kuna mwingine unaotoa vidonge vidogo vikavu vya kijivu na shina linapasuka kama ndizi iliyomenywa nusu, huo unasambazwa na vinzi na matone ya kumwagilia. Na mwingine ni kama utando wa buibui unaotambaa juu ya udongo unafunika uyoga mzima mzima ukaoza. Alinitumia video anachofanya: anachukua karatasi ya choo iliyolowa anaifunika juu ya lile donge taratibu bila kuligusa, anamwaga chumvi ya kawaida juu yake mpaka ifunike na sentimita kadhaa pembeni, anageuzia kikombe cha plastiki juu, basi, hapo hapaguswi wala hapamwagiliwi maji. Halafu ndo anamwagilia kwingine. Watu wake wengi walikuwa wanang'oa donge kwa mkono na mkono huohuo unavuna, na kila walipogusa palitokea donge jipya. Udongo wa kufunikia naye sasa anaupitisha kwenye mvuke.

Hiyo ya karatasi iliyolowa nimeiiba nikaitumia kwangu. Mfuko wenye baka nauvalisha kitambaa kilicholowa kwanza, naingiza kwenye mfuko mwingine wa nailoni pale pale rafuni, nafunga, ndo nanyanyua. Natoa jioni upepo ukitulia. Sifungui. Inaenda moja kwa moja kwenye pipa inachemshwa saa mbili ndo inaenda kwenye shimo la mboji upande wa chini wa shamba, mbali na banda, upande ambao upepo unaondoka. Mwanzoni nilikuwa naikung'uta kwenye migomba nyuma ya banda nikidhani nafanya mbolea. Mbolea ni kweli, ila migomba iko mita nane kutoka mlango wa chumba cha giza.

Kama mfuko umejaa utando wote mzuri halafu kimetokea kidoti kimoja kidogo kwenye kitundu, huo siui. Natoa nje kabisa ya banda, naweka chini ya kivuli peke yake, mara nyingi unaniletea mavuno ya kwanza kabla haujashindwa. Lakini uyoga unaotoka karibu na baka sili wala siuzi, natupa.

Na mpangilio wa kutembea. Chumba cha giza kwanza, banda la kuvunia baadaye, hakuna kurudi nyuma. Nikishaingia banda la kuvunia ambako kuna mifuko mizee siku hiyo chumba cha giza sikanyagi tena mpaka nioge. Hii iliwapa shida wanangu kuelewa, wakitoka kuvuna wanakimbilia gizani kuchungulia, mpaka nikaweka kufuli. Vinzi nao nimewawekea wavu mwembamba kwenye madirisha, ule wa kawaida wa mbu wanapita. Kuna na utitiri mwekundu mdogo sana kama pilipili ya unga iliyomwagika juu ya mfuko, huo ukiuona tafuta trikoderma karibu maana ndo chakula chake, na unabeba mbegu zake mwilini kwenda mfuko mwingine.

Swali ninaloulizwa kuliko yote: dada, napulizia dawa gani? Na hapa ntasema wazi. Dawa za ukungu za dukani zinaua kuvu, na unachokilima ni kuvu. Kuna nchi wanaloweka majani kwenye kabendazimu, ambayo ni dawa ya ukungu, na fomalini, najua, na kuna wakulima hapa wanafanya hivyo kimyakimya. Mimi sifanyi. Uyoga unakua siku nne tano tangu uchomoze mpaka sokoni, hauna maganda ya kumenya, mtu anakata anakaanga anampa mtoto. Halafu ukungu unazizoea hizo dawa, mashamba makubwa ya Ulaya yamepitia hilo, dawa iliyofanya kazi mwanzo baadaye ikawa kama maji. Mama mwenye banda lenye mifuko 100 anayepewa chupa ya dawa bila kipimo na mtu ambaye hajawahi kuuliza pipa lake linafika nyuzi ngapi, anaibiwa. Hela hiyo nunua kipimajoto.

Na kifua chako. Unga wa kijani na hata mbegu za mamama mwenyewe akikomaa sana zile zinazopaa kama moshi mweupe asubuhi, ukizivuta kila siku zinaleta kikohozi na homa za kifua. Vaa barakoa, vuna kabla kingo za kofia hazijajikunja kwenda juu, na mwenye pumu asiingie kabisa chumba chenye kijani. Mama mkwe wangu alikohoa wiki mbili baada ya kunisaidia kutoa ile mifuko 74, na sijui nilikuwa nafikiria nini kumruhusu aingie bila kitambaa usoni.

Nina daftari sasa. Kila pipa lina ukurasa wake, tarehe, majani yametoka wapi, joto la katikati, mbegu ya tarehe gani, mifuko mingapi, na kila mfuko unaoharibika nachora duara dogo kama mfuko kisha naweka nukta pale kijani kilipoanzia. Juu, chini, katikati, kwenye punje. Mzunguko uliofuata baada ya ule wa 2021 nilipoteza 19 na nukta nyingi zilikuwa mdomoni, kwa hiyo nikajua pipa limepona, sasa ni mikono na hewa. Uliofuata 8. Mwaka huu kabla ya masika nilipoteza mitatu kati ya 104, masika yalipoanza ikarudi 11 na karibu zote nukta ziko kona za chini. Mwezi wa nne huku mvua haikatiki, majani hayachuji vizuri hata ukiyalaza usiku mzima, hewa yenyewe ni maji. Kwa hiyo pipa la kesho nimepiga vitundu viwili vidogo chini kabisa ya kila mfuko, mifuko 13, na nyingine 13 nimeacha kama zamani, nimeziwekea kamba nyekundu nisizichanganye. Siku ya kumi natoa zote nje kwenye mwanga wa asubuhi naangalia kona.